Kidole cha Shekulavu

“Heri nyufa mia za unywele kuliko ufa mmoja wa kidole.” Jana mlimsikia somo akimwambia bibi harusi maneno hayo, mkaguna, na leo mmekuja kuuliza harusi na nyufa wapi na wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Kule Kwembago milimani, huwezi kujenga nyumba bila kukichonga kilima, na ukishakichonga sharti uweke ukuta wa zege, la sivyo udongo utakufuata kitandani. Kuta hizo zilijengwa kwa msaragambo: majirani wote wanakuja, mwenye nyumba anapika makande. Na desturi ilikuwa kwamba anayepika ndiye anayesema. Ukishakula makande ya mtu, humkosoi ukuta wake.

Siku ya ukuta wa Bi Nyange, mumewe Mhina alianza kusimamisha nondo. Bi Nyange alikuwa fundi wa kusuka matenga ya viazi. Alipoziona nafasi kati ya nondo, akauacha mwiko chunguni.

“Baba Kaniki, hilo tenga au lango la ng'ombe? Viazi si vitamwagika vyote!”

“Mke wangu, tunazuia udongo, hatuzuii viazi.”

“Sogeza!”

Mhina akasogeza, akifokewa, naye akifoka, mpaka nondo zao nyembamba zikasimama shubiri kwa shubiri. Wale wawili walikuwa hawamalizi siku bila kuzozana, na hawalali bila kuchekeana.

Jirani yao Shekulavu alikuwa mtu wa makuu. Kwenye ukuta wake alileta nondo nene kama mpini wa jembe, akazipanga hatua moja moja. “Askari mnene mmoja anatosha mlangoni,” alisema. Bi Nyange alifungua kinywa, akakumbuka makande, akameza yote mawili, chakula na maneno.

Zege lilipokauka, ukuta wa Bi Nyange ukajaa nyufa kama utando wa buibui. Wa Shekulavu ulikuwa laini kama yai.

“Shemeji,” Shekulavu alimwita kutoka upande wa pili wa ua, “ukuta wako umeota mvi kabla ya mwenyewe!”

Bi Nyange alicheka kwa meno tu. Kitanda cha watoto kilikuwa chini ya ukuta ule, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Mvua ilipoanza, akafunga mizigo. “Ni wewe na nondo zako!” alimwambia mumewe.

“Zangu? Si ulisema tenga?”

Kabla ya kutoka, Bi Nyange aling'oa unywele mmoja kichwani, akajaribu kuupenyeza katika ufa. Haukuingia. Akajaribu ufa mwingine, na mwingine. Hata tone la maji halikupita.

Hapo wakasikia yowe kwa jirani. Ukuta wa Shekulavu ulikuwa umepasuka mara moja tu, juu mpaka chini, naye alipotia kidole apime, kikanasa! Mhina alikuja mbio na mafuta ya kupikia, na baadaye Bi Nyange naye akafika. Wapo wanaosema ndevu zilimwota Shekulavu akingoja. Mimi nasema ni masharubu tu.

“Shemeji,” alilia Shekulavu, “mbona hukuniambia siku ile?”

“Ningekuambiaje na makande yako mdomoni?”

“Na watoto wangu wako wapi?”

“Nimeshawatoa na mama yao. Wako kwangu, wanaota moto.”

Kidole kikachomoka. Walipofika uani kwa Bi Nyange, ukuta wa Shekulavu ukajilaza taratibu juu ya jiko lake tupu. Mtu hakuguswa, hata kuku. Shekulavu akakaa chini kwenye matope, akacheka mpaka machozi yakachanganyika na mvua.

Mhina, ambaye sasa alikuwa ameziona kuta zote mbili, akawaeleza. Zege likikauka husinyaa, na lazima lipasuke. Nondo zikikaribiana huugawa mpasuko ukawa vijinyufa visivyopitisha kitu. Zikiachana, mpasuko wote hujikusanya mahali pamoja, ukangoja mvua.

Tangu siku hiyo Kwembago walibadili desturi: kwenye msaragambo unakula na unakosoa. Naye Shekulavu, kila aliposikia Bi Nyange na Mhina wakizozana asubuhi, alikuwa akikiinua kile kidole, kilichobaki kimepinda, na kumwambia mkewe: “Mama, na wewe nigombeze kidogo. Usiniwekee moyoni.” Maana heri nyufa mia za unywele kuliko ufa mmoja wa kidole.