Filimbi ya Mzee Anselmo

Sogeeni karibu, na mwenye chungu motoni aepue kwanza. Hadithi hii imenishinda, nataka mniamulie nyinyi.

Katika mji mmoja wa Brazili walikuwepo wapigaji wanne wa shoro, muziki ambao maana ya jina lake ni kilio. Anselmo alipuliza filimbi ya mti. Olavo alipiga gitaa la nyuzi saba, Zulmira gitaa dogo la nyuzi nne, na Nestori tari. Kila Jumamosi mchana walizunguka meza moja, wakitazamana wao kwa wao. Karatasi haikuruhusiwa mezani. Anayetaka wimbo aunase kwa sikio.

Iraci, mkewe Anselmo, alifariki akimzaa Dalva. Anselmo akamtungia marehemu wimbo wa vipande vitatu, akaupiga mara chache, kisha akauacha kabisa. Hakuna aliyeuandika. Kila mmoja alidhani mwenzake anaukumbuka.

Uzee ulipofika, akili ilianza kumtoka. "Wimbo wa mama yako umenipotea, mwanangu," alimwambia Dalva. "Atakayenirudishia, mpe filimbi yangu." Mwezi uliofuata hakumjua tena. "Wewe dada ni wa nani?" alimuuliza kila asubuhi, kwa adabu kabisa, na Dalva akaenda kulia jikoni. Alitamani ajulikane na baba yake mara moja tu kabla mzee hajafariki. Basi akawaita Olavo na Zulmira.

Olavo hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, lakini alikipiga kipande cha kwanza chote, jasho likimtoka. Mzee akafumbua macho. Hapo Olavo akakwama.

Zulmira, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliinamia gitaa lake. "Nisamehe, Dalva. Kipande cha pili nilikiiba. Miaka ishirini nakipiga kwenye harusi za watu, nasema ni changu." Akakipiga bila kukosea hata mahali pamoja. Mzee akatokwa na machozi.

Kipande cha tatu kikakosa mwenyewe. Ndipo Nestori akaonekana mlangoni, kofia mkononi. Huyu hakuitwa. Mnakumbuka nilisema Anselmo aliuacha wimbo? Siku ile alipoupiga kwa mara ya mwisho, Nestori alilia kwenye kipande cha tatu, kilio cha mume, si cha rafiki. Anselmo akaelewa, akamfukuza mezani.

"Tari haiimbi," Nestori alisema. "Lakini kila mwaka nampigia Iraci kipande hiki kwa mluzi, kaburini kwake. Nikikosea, nifukuzeni tena."

Akapiga mluzi, na hakukosea. Wakaurudia wote watatu, mwanzo hadi mwisho, na Dalva akasikia kwa mara ya kwanza jinsi mama yake alivyopendwa.

"Iraci," mzee alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Dalva, mwanangu. Umefanana naye." Akamshika mkono. Baadaye akatazama mlangoni. "Na yule bwana mpeni kiti."

Dalva hajui mpaka leo kama baba yake alimtambua Nestori, au ilikuwa ile adabu yake ya kila asubuhi. Hakuwahi kumuuliza. Siku ya tatu walimzika mzee.

Jumamosi wakakaa mezani watatu, kiti cha nne kitupu. Dalva akasimama na filimbi, akiwaangalia. Olavo hakuwahi kumwacha mzee, lakini alibaki na theluthi tu. Zulmira ni mwizi, na kama asingeiba, kipande kile kingekufa. Nestori alimpenda mke wa mwenzake, na upendo huo huo ndio uliohifadhi mwisho wa wimbo. Hakuna kati yao aliyeinua macho wala kunyoosha mkono.

Filimbi haikatwi vipande vitatu, na Dalva bado amesimama. Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, ungeiweka mbele ya nani?