Setilaiti Iliyonyamaza Siku Nne

Alikuwepo mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na kitu asichoweza kukiona. Msinitazame hivyo, hakuwa mganga. Alikuwa mhandisi, na kitu chenyewe kilikuwa setilaiti, ukubwa wake kama mkate wa dukani, yenye mabawa mawili ya sola, ikiizunguka dunia huko juu kilomita mia tano. Yeye na wenzake wachache wa chuo kimoja waliiunda kwa mikono yao kwa miaka sita, skrubu baada ya skrubu, mpaka ikapata nafasi kwenye roketi ya watu wengine ikapelekwa juu. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za nyasi na maji, wafugaji wajue mapema ng'ombe waelekezwe wapi ukame ukianza.

Nataka muuelewe mwendo wa kitu hiki, maana bila hivyo hamtaelewa hofu ya huyu mama. Sema sala ya Baba Yetu yote, bila kukimbia. Ukianza, setilaiti iko juu ya Dodoma. Ukifika Amina, imeshaipita Iringa. Inaumaliza mzunguko wa dunia nzima kwa saa moja na nusu. Jua linaichomozea mara kumi na tano kwa siku, na sisi linatuchomozea mara moja tu na bado tunanung'unika kuamka.

Kwa mwendo huo, haikai juu ya kichwa cha mtu. Inachomoza nyuma ya vilima upande mmoja, inakatiza anga, inazama upande wa pili. Katika mapito yake yote ya siku, la asubuhi ndilo lililosikika vizuri pale chuoni, na lilidumu dakika tisa. Basi. Ndani ya dakika tisa umeshasema yako na kusikia yake, la sivyo ungoje.

Sasa, jua letu hili si taa tulivu kama tunavyodhani. Lina siku zake za kukohoa. Likikohoa, vumbi la moto tusiloliona linamwagika angani, na kompyuta zilizoko huko juu zinachanganyikiwa. Jumapili moja jua likakohoa. Jumatatu asubuhi ile setilaiti ikachomoza nyuma ya vilima bila kusema neno. Ilikuwa imeganda kama simu inavyoganda, na mabawa yake yalikuwa yamelipa jua mgongo. Betri ilikuwa ikiisha. Mama yule akapiga hesabu mara mbili, akapata jibu lile lile: ikifika Alhamisi mchana bila kugeuzwa ilitazame jua, betri itaganda kwa baridi ya huko, na miaka sita itakuwa kipande cha chuma kinachozunguka bure.

Dawa yake ilijulikana. Ni ile mnayoifanya na simu zenu: zima, washa. Kulikuwa na amri moja ya kutuma kwa redio, ya kuiambia setilaiti ianze upya. Mama akaituma. Akahesabu nusu dakika, kwa sababu siku zote ilikuwa ikijibu ndani ya nusu dakika. Kimya. Akaituma tena. Kimya. Akatuma ya tatu, ya nne, ya kumi, mpaka setilaiti ikazama nyuma ya vilima. Akazima redio, akabaki ameshika meza.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo, ila sasa hakungoja hata nusu dakika. Alikuwa akibonyeza kwa robo dakika, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua akijua mwanawe yumo ndani.

Alikuwa na mwenzake pale chumbani, mhandisi wa makamo, mtu wa maneno machache. Kazi ya huyu ilikuwa kusikiliza. Anakaa na hedifoni masikioni, anangoja mlio wa kutoka juu. Shida ni kwamba redio yao ya kupokea haisikii kitu wakati ile ya kutuma inatuma. Kila mama alipobonyeza, masikio ya yule bwana yalizibwa. Jumatano, setilaiti ilipozama, akazivua zile hedifoni akaziweka mezani polepole.

"Dada," akasema, "kesho tuma mara moja, halafu tunyamaze nisikie."

"Tuna dakika tisa, kaka. Unataka nizikalie tu?"

"Nataka tusikie."

"Tusikie nini kwa kitu ambacho hakijatusikia?" Mama akachukua mkoba wake. "Hicho kimekuwa kiziwi. Kazi yangu ni kukiita mpaka kisikie."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Semeni ukweli, tuko kanisani. Mtoto wako anazama, una dakika tisa, mtu anakwambia unyamaze. Si ungemwona hana moyo? Mama yule alimwona hivyo hivyo. Alikwenda nyumbani akiwa amemkasirikia yule bwana, na zaidi ya hapo, akiwa ameikasirikia setilaiti. Alimwambia mumewe kwamba kinachomuuma ni ukaidi wa setilaiti hiyo, kwamba ameitengeneza mwenyewe kwa mikono yake na sasa inamnyamazia.

Alhamisi ikafika. Saa nne kasorobo asubuhi walikuwa kila mtu mahali pake, hakuna aliyemsalimia mwenzake vizuri. Setilaiti ikachomoza. Mama akaanza kubonyeza. Dakika ya kwanza akatuma mara tano. Dakika ya pili akatuma mara sita. Na pale pale, kidole kikiwa bado juu ya kitufe, umeme ukakatika.

Naona mnatikisa vichwa. Mnaufahamu.

Redio ndogo ya kupokea na mota ya kuzungusha antena zilikuwa kwenye betri ya akiba, zikaendelea. Redio kubwa ya kutuma ilikuwa ikila umeme wa ukutani, ikazimika. Mama akabonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akamwambia mlinzi wa chuo kupitia dirishani awashe jenereta, na mlinzi alikuwa ameshafika kwenye jenereta, anavuta kamba, inakohoa, inazima. Anavuta, inakohoa, inazima. Dakika ya tatu. Dakika ya nne. Mama akaketi sakafuni, pale pale chini ya meza ya redio, akalia kwa sauti. Alimuuliza Mungu kwa nini leo, kwa nini saa hii, kwa nini umeme usingekatika jana au kesho. Dakika ya tano ikapita, na ya sita, na chumba kizima kilikuwa kimya isipokuwa kilio chake na ile kamba ya jenereta huko nje.

Dakika ya saba, yule bwana wa hedifoni akainua mkono juu.

Mama akanyamaza.

"Inaita," akasema yule bwana.

"Nini kinaita?"

"Setilaiti. Imeamka. Inauliza igeukie wapi."

Mama alinyanyuka bila kujua amenyanyukaje. Akachukua hedifoni moja akaibana sikioni, akausikia mwenyewe, mlio mwembamba, dhaifu, tii, tii, tii, ukirudia swali lile lile. Ilikuwa hai. Ilikuwa ikimuuliza yeye, na yeye hakuwa na njia ya kujibu, kwa sababu redio ya kutuma ilikuwa imekufa. Zilibaki dakika mbili. Ikabaki dakika moja na nusu. Nje kamba ikavutwa tena, jenereta ikakohoa, ikakohoa, ikashika. Taa zikawaka. Ilibaki chini ya dakika moja.

Mama akatuma amri ya kuigeuza ielekee jua. Akaituma mara moja.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo ulipokuwa mtihani wa huyu mama. Maana kidole chake kilirudi chenyewe kwenye kitufe. Kilikuwa kimezoea. Yule bwana alimtazama. Mama akaiondoa mikono yake mezani, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia yote miwili, na akakaa hivyo mpaka mlio ukafifia na setilaiti ikazama nyuma ya vilima. Haikujibu. Labda ilisikia, labda haikusikia. Hakuna aliyejua.

Wakangoja saa moja na nusu. Mzunguko uliofuata haukuwa mzuri, setilaiti ilikuwa ikipita chini, karibu na ukingo wa anga. Safari hii mama hakugusa kitu. Na ilipochungulia tu juu ya vilima, kabla hawajaiita, ikaanza kusema yenyewe. Mabawa yamelielekea jua. Betri inajaa. Kisha ikateremsha daftari lake, ile kumbukumbu inayojiandikia ya kila kilichoipata, dakika kwa dakika, siku zote nne.

Yule bwana alicheka, akampiga mlinzi begani, akatoka nje kumpigia simu mkuu wa chuo. Mama alibaki peke yake akilisoma daftari. Na kadiri alivyosoma, furaha ikamtoka usoni.

Daftari lilisema hivi. Jumatatu, amri ya kuanza upya imepokelewa. Nimeanza upya. Nusu dakika baadaye, amri ya kuanza upya imepokelewa. Nimeanza upya. Imepokelewa, nimeanza upya. Imepokelewa, nimeanza upya. Amri themanini na tatu kwa siku nne, na setilaiti ilikuwa imezisikia zote na kuzitii zote. Haikukaidi hata moja. Ila betri ikiwa na njaa, haiwezi kuamka kwa nusu dakika kama siku nyingine. Inahitaji dakika tano za kujikagua kabla haijatoa sauti. Kila ilipoanza kujiinua, mama aliiambia ianze upya.

Halafu kulikuwa na mstari mwingine, uliojirudia kila siku. Dakika tano baada ya amri ya mwisho, yaani dakika tano baada ya mama kuzima redio na kwenda zake, setilaiti ilikuwa imeamka. Iko juu ya bahari, mbali na kila antena. Imeita, imeuliza igeukie wapi, haikujibiwa, ikarudi kulala kulinda betri. Jumatatu imeita. Jumanne imeita. Jumatano, saa zile mama alizokuwa akimlalamikia mumewe kwamba imemnyamazia, ilikuwa imeshaita na kuchoka.

Yule bwana aliporudi alimkuta mama amefunga macho.

"Nani aliyeandika kwamba betri ikiwa chini ikae dakika tano?" mama akauliza.

Yule bwana aliweka simu mezani. "Ni wewe, dada," akasema. "Jina lako lipo kwenye programu yake."

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapo mkaenda nyumbani mkasema mchungaji leo ametupeleka angani. Siwapeleki angani. Nawarudisha hapa kwenye mabenchi.

Sisi ni watu wa kuomba. Hilo hakuna atakayetunyima. Majirani wa kanisa hili wanalijua, wameshakuja mara mbili kuomba tupunguze spika. Tunaomba asubuhi, tunaomba mchana, tunaomba kwa machozi, na machozi yetu ni ya kweli kabisa. Huyu mama naye machozi yake yalikuwa ya kweli. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli. Na kwa mapenzi hayo hayo ya kweli alikuwa akiiua setilaiti yake. Tunaomba, halafu sekunde ile ile tunasema Amina, tunavaa viatu, tunazima redio, tunaondoka. Kisha tunakwenda kumwambia jirani kwamba Mungu ametunyamazia.

Na si kwa Mungu tu. Mama, unampigia mwanao simu: umekula, umepata kazi, mbona hupigi, mbona husemi, una nini siku hizi? Maswali matano, na la kwanza hajalijibu. Alikuwa ameshafungua mdomo, wewe ukamwanzisha upya. Baba, binti yako amekaa mwezi mzima hasemi nawe, na unasema ni kiburi. Unajua ni mara ngapi amesimama mlangoni kwako anatafuta pa kuanzia, na wewe ukaanza kabla yake? Mume wa mtu, mke wa mtu, mnanielewa. Kuna watu ndani ya nyumba zetu ambao tumeshawaita wakaidi, na makosa yao ni kwamba wana njaa, wamechoka, wanahitaji muda mrefu kidogo kuliko zamani ili watoe sauti. Tulipokuwa tumeondoka, waliita. Waliita, hatukuwepo.

Yupo hapa leo mtu ambaye siku yake ya Alhamisi imefika. Daktari amesema neno, au kazi imeisha, au nyumba imekuwa tupu, na umeme wako umekatika ukiwa katikati ya kubonyeza. Umekaa sakafuni unamuuliza Mungu kwa nini leo. Sitakudanganya kwamba najua kwa nini. Ila nakuomba, maadamu umekaa hapo chini na huwezi kutuma chochote, usiondoke. Sikiliza.

Mmezoea nifunge kwa maombi marefu, na nimeyaandaa, yako hapa kwenye karatasi. Leo sitayasoma. Kwaya, msiimbe. Mpiga kinanda, toa mikono. Mzee wa kanisa atatazama saa, dakika tano, na hakuna atakayesema neno mpaka atakaposimama. Na mimi ambaye nimekuwa nikiwasemesha ninyi na Mungu kwa miaka kumi na moja bila kupumua, ndiye wa kwanza kunyamaza.