Mtambo wa Bwana Shehoza

Tajiri Shehoza alitaka kisima cha mtaa kifungwe, watu wote wanunue maji ya mtambo wake.

"Mimi sichuji tu, natakasa! Hata kijidudu kimoja hakipiti!"

Bi Mwanahawa, mpika uji, akamletea ndoo ya maji ya tope mbele ya umati. "Haya ya bwawa wanamoogelea bata, bwana."

Mtambo ukanguruma, maji yakatoka meupe pe.

Bi Mwanahawa akajaza glasi. "Onja basi."

"Sina kiu."

"Funda moja tu, bwana mtakasaji!"

Shehoza akaisukuma glasi. "Mama wee, mtambo unachuja tope tu! Wadudu wamo!"

Umati ukaangua kicheko, watu wakabeba ndoo zao kurudi kisimani. Bi Mwanahawa akainua glasi, akaimaliza.

"Wadudu niliwachemsha tangu asubuhi, pamoja na tope lao. Nilikosa chujio tu. Ahsante, bwana."