Kasuku Aliyepiga Hodi Bila Kuondoka

Jumatano, tarehe kumi na nne Juni, saa moja na nusu asubuhi, kikombe cha uji kilimponyoka marehemu mume wangu, Mzee Mbaruku. Alicheka, akasema kikombe kina mafuta. Hakikuwa na mafuta. Mkono ulikuwa umeanza kulala.

Baadaye daktari alitueleza. Mishipa ya fahamu inayoendesha viungo ina milango midogo, inaitwa vipokezi. Mpiga hodi ni kemikali ya mwilini, jina lake glutamati. Ikibisha, mlango unafunguka, mshipa unaamka, mkono unanyanyuka. Ikishabisha inatakiwa iondoke. Katika maradhi yale ya kulaza viungo inabaki pale pale, milango inakaa wazi, kalsiamu, madini ya mwilini, inaingia kupita kiasi, na mshipa unakufa. Si chanzo chote, alisema daktari, ila ni sehemu yake. Akampa vidonge vya kupunguza hodi hizo.

Wajukuu wangu, Siwema na Tunu, hawakuelewa. Mimi nami sikusoma sana. Basi nikawaambia kwa namna ninayoijua.

“Nina ngano jikoni!”

“Ipakue, tule!”

“Ni ya moto!”

“Tutaipuliza, fuu!”

Haya. Alikuwako Punda, na kila mzigo wa mji ulipita mgongoni kwake. Mlango wa nyumba yake ulikuwa na adabu kupita kiasi. Ukisikia hodi ya sauti uliyoizoea, unafunguka wenyewe.

Asubuhi alikuja tarishi wa kumwita kazini, Kasuku. Kasuku: “Hodi!” Mlango: “Kwiii, karibu!” Punda anaamka, anakwenda kazini. Kasuku anaruka zake, na mlango unajifunga, paa! Kwa nje alijibanza Kiboko. Mlango ulipofunguka, naye alitia pua, akalamba pumba za Punda kidogo. Kidogo tu. Hakuna aliyemkatalia.

Lakini Kiboko ni tumbo lenye miguu. Siku moja alimwambia Kasuku, “Mwanangu, una sauti tamu. Mbona unaondoka upesi? Kaa hapa, hizi karanga zako. Wewe sema tu.”

Kasuku akakaa. “Hodi! Hodi! Hodi!”

Mlango: “Kwiii, karibu! Karibu! Karibu!”

Kiboko akaingia mzima mzima. Nyam, nyam, nyam! Punda akabaki na njaa, na mguu wake wa mbele ukalala.

Kesho yake, “Hodi! Hodi! Hodi!” “Kwiii, karibu!” Nyam, nyam, nyam! Mguu wa nyuma nao ukalala.

“Bwana Kiboko,” Punda akalia, “unanimaliza!”

“Kosa langu nini? Nimevunja mlango? Hodi imepigwa, nimekaribishwa.”

Jirani wa Punda alikuwa Bi Pimbi, mdogo kama kikapu cha mayai. Alikuja kumtazama mgonjwa.

“Jirani,” Punda akamwambia, “imebaki miwili. Hii ikilala, ndiyo kwaheri.”

Bi Pimbi akaaga. Alikwenda mtoni.

“Shikamoo, Bwana Kiboko.”

“Marahaba, kijitu. Sema upesi, nina chakula cha watu kinaningoja.”

“Ndiyo hayo. Watu wanasema wewe mwizi.”

“Mwizi! Mimi? Mimi muungwana! Siingii pasipo hodi na karibu!”

“Nami nimewaambia hivyo hivyo. Hodi ngapi, Bwana?”

“Tatu, kama dini inavyotaka.”

“Na usipoitikiwa?”

“Muungwana anarudi zake.”

“Lo, maneno hayo! Yaseme kwa sauti, wayasikie.”

Kiboko akavimba, akayanguruma mpaka ng'ambo ya pili. Wanyama wote wakayasikia.

Alfajiri Bi Pimbi akampelekea Kasuku kipande cha fenesi, bichi, lenye utomvu. “Mtoto mzuri, karanga zimekuchosha. Onja.” Kasuku akaonja. Chwa, chwa... mdomo ukagandana kama umetiwa gundi. “Mmh! Mmh!”

Kiboko akafika, akangoja. Kimya. Akaamua kubisha mwenyewe.

“Hodiii!” Mlango kimya, maana ulizoea sauti ya Kasuku tu.

“Hodiii!” Kimya. Majirani wakaanza kutoka nje.

“Hodiii!” Kimya.

“Labda wamelala,” Kiboko akasema, jasho linamtoka.

“Labda,” Bi Pimbi akajibu. “Lakini ni tatu hizo, Bwana.”

Majirani wakapiga makofi. “Muungwana huyoo! Anarudi zake!”

Atafanyaje? Akarudi, buh, buh, buh, mpaka mtoni. Chubwi!

Toka siku ile Bi Pimbi alipeleka fenesi kila alfajiri. Mchana utomvu ulilegea, Kasuku akaweza hodi moja mbili za kazi. Hizo zilitosha.

“Punda akapona, Bibi?” Siwema akauliza.

“Hapana, mama. Miguu iliyolala haikuamka. Na Kiboko hakukata tamaa, siku moja moja aliponyoka akaingia. Lakini Punda alipata misimu ya kukaa kivulini na jirani yake, wakimcheka Kiboko.”

“Kama Babu na vidonge vyake,” Tunu akasema.

“Kama Babu. Vilimpa muda. Havikumpa mkono.”

Nikaona nimewatia huzuni, nikasema upesi, “Sasa funzo. Sikilizeni sana. Mtu akibisha hodi, msiitikie. Fungeni mlango, zimeni taa, hata akiwa shangazi yenu kaleta maandazi.”

“Bibi!” Siwema akaruka. “Maandazi ya shangazi?”

“Hata ya nazi.”

“Basi mimi nitapita dirishani nikayachukue,” Tunu akasema.

“Ndivyo Kiboko alivyoanza, wewe!”

Wakacheka mpaka wakalaliana. Ngano yangu ni hiyo. Aliyeshiba amshukuru Mungu, asiyeshiba akapike yake.

Ewe Mwenyezi Mungu, mrehemu mja wako Mbaruku. Msamehe alipokosea, lipanue kaburi lake na ulitie nuru. Mikono yake iliyochoka, ee Mola, ipe raha. Amina.