Idi ya Kunong'ona

Penye mtoto mchanga, sikukuu huja kwa miguu yake. Mmeyasikia maneno haya asubuhi, baba yenu mdogo alipotuma salamu kwamba mkewe amejifungua, tusimngoje kwa pilau, nanyi mkataka kujua yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Huko Tabora alikuwapo mwashi mmoja, Mzee Songoro, mwenye sauti ya kuwaamsha majirani hata akisema kwa upole. Sharti lake kwa wanawe lilikuwa moja tu: siku ya Idi, wakitoka kuswali, wote wale chakula kwake. Aliyekosa bila ugonjwa alikuwa kama ameukana ukoo.

Mwanawe wa kwanza aliitwa Mrisho. Mwaka mmoja, Ramadhani ikielekea ukingoni, mkewe Mwamini alijifungua binti kabla ya miezi kutimia. Kitoto kilienea katika viganja viwili, na kikishtushwa na kelele kiliacha kunyonya. Mkunga akawaonya: mtoto asitolewe nje, na nyumba iwe tulivu.

Mzee Songoro akaagiza, "Mzazi abaki na jirani. Mrisho aje."

"Nenda," Mwamini alimwambia mumewe. "Sisi tutakunywa uji wetu." Kisha akageukia ukutani, na Mrisho akayaona mabega yake yakitikisika.

Siku ya Idi, Mrisho aliswali msikiti mwingine, kwa kuogopa kukutana macho na baba yake, akarudi moja kwa moja nyumbani. Akafunga kanga ya mkewe kiunoni, akaingia jikoni. Wali wake uliungua chini na juu ukabaki mbichi. Alipomwekea Mwamini sahani kitandani, Mwamini alionja punje chache, akamtazama, akacheka mpaka akashika tumbo. Tangu ajifungue hakuwa amecheka. Mrisho akaona wali ule umempa Idi yake yote.

Mara sauti ikanguruma uani.

"Mrisho! Nyumbani kwangu kuna miiba?"

Mtoto akashtuka, akaliachia ziwa. Mrisho akatoka mbio, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Shikamoo, baba. Naomba ushushe sauti."

"Mimi? Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe, baba." Mrisho hakuondoka mlangoni. "Mjukuu wako akishtuka hanyonyi. Na asiponyonya..."

Mzee akainama, akavua viatu, akaingia. Mwamini alitaka kuinuka, mzee akamwashiria alale. Mrisho akamwekea baba yake mtoto mikononi, mikono iliyokwaruzwa na tofali na chokaa, na mzee akaituliza kama abebaye yai. Halafu ikamtoka sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

"Ee mke wangu," alinong'ona, "kumbe wewe ndiwe uliyeninyang'anya mwanangu?"

Mtoto akapiga mwayo. Aliporudishwa kwa mama yake, akalitafuta ziwa, akanyonya. Mzee akaketi mkekani, akaula ule wali wa Mrisho hadi ukoko. Kisha akaondoka.

Haukupita muda, Mwamini akachungulia dirishani, akamwita mumewe kwa mkono. Ukoo mzima ulikuwa unaingia uani kwa kunyata. Kina mama walibeba sufuria za pilau, watoto wameshika viatu mkononi, na mbele yao Mzee Songoro, kidole mdomoni, akimkazia macho kila aliyethubutu kukohoa. Wakaketi, wakala, wakapeana mkono wa Idi kwa minong'ono. Mama yake Mrisho akaingia chumbani na sahani, akamlisha Mwamini kwa mkono wake.

Jirani mmoja, kwa kuona watu wengi wamekaa kimya, akadhani ni msiba. Akaja ameinamisha kichwa.

"Poleni. Ni nani aliyetangulia?"

Mzee Songoro akamvuta karibu, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Hakuna aliyetangulia, kuna aliyefika," akamnong'oneza. "Penye mtoto mchanga, sikukuu huja kwa miguu yake. Vua viatu, ndugu yangu, uje ule."