Mwagiza Ngozi Hajui Meno

Mwagiza ngozi hajui meno. Leo mkutanoni mwenyekiti alipowaambia ninyi vijana mkafukuze tembo mashambani kwa kupiga madebe, bibi Nsimba alimtupia maneno hayo, na njia nzima mmekuja mkiniuliza ngozi gani, meno ya nani. Ngozi ni ya nyegere, yule mnyama mla asali. Meno yalikula mkono huu. Na wa kwanza kuyasema alikuwa marehemu bibi yenu, Kalunde. Basi kaeni, niwaambie yalivyoanza.

Baba yenu Shija alikuwa bado ananyonya. Tulikuwa na mizinga tisa ya nyuki, na mahali petu pa kuitundika msituni mwenyekiti wa wakati ule, Kapande, alikuwa amempa shemeji yake. Mizinga ikalala uani, na miti ya miombo ilikaribia kuchanua. Msimu ule ukitupita, tungekula nini mwaka mzima? Nikaenda kumwomba mahali pengine.

Akasema, "Wageni wanakuja kutoka wilayani. Nataka ngozi ya nyegere ukutani pale ofisini, na nyama yake iliwe. Niletee, utapata mahali. Ila isitobolewe."

Mnyama yule huwindwa kwa mkuki. Mkuki hutoboa. Mimi nikaitikia, maana mwenye shida hana swali.

Kalunde hakupenda. "Baba Shija, huyu kila tukirina asali tunamwachia sega lake chini ya mti, asivunje mizinga. Leo tumfuate kwake na rungu?"

Lakini alinifuata. Mtoto alimwacha kwa mama yangu. Shimo lilikuwa chini ya mninga ulioanguka. Mimi nikachimba, yeye ameshika kienge kinachofuka, kile cha kufukizia nyuki. Nyegere akatoka. Ili nimpige rungu la kichwa, ngozi isiharibike, nikamkamata shingoni kwa nyuma, kama mtu anavyokamata mbwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Ngozi ya nyegere imelegea kama koti la kuazima. Mimi nimeshika ngozi, mwenyewe akageuka humo humo ndani, akauma mkono na hakuachia. Rungu likaanguka miguuni pa Kalunde. Nikamwambia apige.

Hakupiga. Kule shimoni kitoto kilikuwa kinalia, kimoja tu. Akapiga magoti, akamsogezea yule mama moshi usoni, akasema naye taratibu kama anasema na jirani, "Mwachie baba Shija. Na sisi tunakuachia mwanao."

Nyegere akapiga chafya, akaachia, akarudi kinyumenyume shimoni. Kalunde akanifunga mkono kwa khanga yake. Halafu, kabla hatujaondoka, akavuta matawi akaziba mlango wa shimo, wapitao wasiuone.

Vidole viwili vilikwenda. Miezi mitatu sikuweza kushika tonge. Alitulisha kwa zamu, tonge langu, uji wa Shija, akicheka, "Nina watoto wawili, mmoja ana ndevu."

Siku moja Kapande akaja. Hata pole hakutoa. Alisimama mlangoni, majirani wapo, akauliza, "Ngozi iko wapi?"

Nikamwonyesha mkono.

"Kamnyama kama paka kamekushinda? Kwani ulikashikaje?"

Kalunde alikuwa anasonga ugali. Aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akalichukua lile rungu, akampelekea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Shimo unaonyeshwa, mzee. Nenda mwenyewe. Ila usimtoboe."

Kapande akalitazama rungu. Mikono yake ikabaki mfukoni.

"Ndiyo," Kalunde akasema. "Mwagiza ngozi hajui meno."

Majirani wakacheka hadi akaondoka. Kufika jioni maneno yamefika kisimani, na hayakurudi tena.

Mahali hakutupa. Tulitundika mizinga mbali, mwendo wa siku nzima, na kwa kuwa mkono wangu haukushika kamba, Kalunde alipanda yeye. Walisema mwanamke hapandi mzinga. Alipanda misimu kumi na moja, na kila akishuka aliacha sega chini ya mti.

Alipougua, zahanati ilikuwepo kwenye hotuba, jengo halina dawa. Nilimbeba kwa baiskeli kumpeleka wilayani. Hakufika. Waliohutubia walileta sukari msibani, mikono yao laini, vidole vyote kumi.

Sasa nendeni mkalale, na kesho mkiitwa kwa ajili ya tembo, msibishane na mtu. Mpeni mwenyekiti debe, kwa mikono miwili, kwa heshima, mkamwombe atangulie. Akitangulia, mfuateni. Akiweka mikono mfukoni, rudini nyumbani kwa mama zenu, mkijua bibi yenu alikwishasema: mwagiza ngozi hajui meno.