Mitungi Isiyongoja Zamu

Pa! Sauti moja usiku, na asubuhi mtungi ulikutwa vipande.

Mama mmoja mfinyanzi alikuwa na mitungi aliyoichoma kwa ajili ya harusi ya bintiye. Desturi ya kwao ni kwamba mtungi wa bibi harusi huitwa jina lake siku unapojazwa maji mara ya kwanza, na bila mtungi wenye jina bibi harusi hatoki kwao. Lakini udongo wa mwaka ule ulikuwa na punje za chokaa. Zilijificha ndani ya baadhi ya mitungi, wala jicho halikuweza kujua ni ipi. Unyevu ukizifikia, punje huvimba, na mtungi hupasuka.

Mwanzoni ilipasuka karibu kila usiku. Kisha mmoja mmoja. Kisha masika yakaja na unyevu wake wote, yakanyesha, yakapita, na hapakusikika kitu.

Iliyobaki ilisimama ukutani, mizima, mikavu, haina jina. Kila jioni mama aliigonga kwa kidole, akatikisa kichwa. "Bado tu hii. Zamu yake itafika." Harusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Jirani akamtania, "Shoga, mbona umeikalia matanga mitungi mizima?" Mama hakucheka.

Asubuhi moja binti alirudi mtoni na ndoo kichwani, akaenda moja kwa moja ukutani.

"Mama, yenye chokaa ilishapasuka. Hii haingoji zamu. Hii imepona."

Akamimina. Mama akafumba macho, akasikiliza. Maji yakapanda tumboni mwa mtungi, yakafika shingoni, yakafurika mdomoni yakang'aa juani. Hapakuwa na mlio mwingine ila wa maji.

Nawe uliyetibiwa saratani, ukawaona wenzako wa wodini wakiondoka duniani mmoja baada ya mwingine, kisha miaka ikapita kimya: ni kweli, mtungi ukianguka utavunjika kama mtungi wowote. Lakini nani alikufundisha kuuita uzima wako "bado"?

Mama yule alifumbua macho. Akapiga kigelegele hadi jirani akatoka mbio na mwiko mkononi. Kisha akaweka kiganja juu ya mtungi uliojaa, akaliita jina la bintiye, ambalo kwa lugha ya kwao ni "tumefurahi", jina ambalo alikuwa ameunyima udongo muda wote ule:

"Tusekile!"